Ritani ya Mashine ya Masakta

10 Machi

Nimepata karatasi ya bure. Ofisi ya kodi imehamia mtandaoni, na fomu za ritani, zile za hesabu ya mapato ya mwaka, nilizokuwa nikiuza hapa kwenye steshenari yangu ya Katesh zimebaki boksi zima chini ya meza. Panya wamekula pembe tu. Katikati hata wao wameshindwa. Upande wa mbele kuna maswali ambayo hakuna anayependa kuyajibu. Upande wa nyuma ni mweupe, na huko ndiko nitakakoandika. Mwizi akichukua kitabu hiki atafikiri ameiba kodi, atakirudisha mwenyewe.

Masika imeanza saa tisa mchana kwa mvua ya mawe. Mbuzi watatu wamekufa pale mnadani, wamepigwa na barafu kichwani. Wenyewe walikuwa bado wanapatana bei.

12 Machi

Amekuja mama Ezekiel, yaani Getruda, mjane wa Emanuel wa Masakta. Emanuel alikuwa Mbarabaigi wa ajabu: aliuza ng'ombe akanunua mashine ya kusaga. Ukoo wake ulimlilia siku ile kuliko ulivyomlilia Januari alipokufa kweli. Mahakama ya mwanzo imempa Getruda karatasi ya kusimamia mirathi. Ila leseni ya mashine inaisha, na mpya haitoki mpaka ritani ya mwaka jana ipokelewe, mwisho tarehe thelathini Juni. Ikipita hiyo, mashine itahesabika imefungwa. Na Joakimu, mdogo wa marehemu, ameshatangaza kilabuni kwamba ikifungwa ataifungua yeye kwa jina lake, na mjane atamchukua humo humo, kama mkanda na puli.

Nikamwambia Getruda ni kazi ya dakika ishirini, akae. Nikaingia kwenye akaunti ya Emanuel. Ikaandika kwamba tarakimu sita za siri zimetumwa kwenye simu inayoishia 417. Getruda akatazama simu yake. Mimi nikatazama ukuta.

"Hiyo namba ni ya nani, baba Fausta?"

Nikasema mfumo una mambo yake, nitafuatilia.

13 Machi

Namba ni ya Joakimu, na aliyeiandika ni mimi. Miaka ile tunawasajili watu kwenye mtandao wa kodi, wafugaji wa huku tambarare walikuja bila simu, au na laini inayobadilika kila mnada. Nikawa naandika simu ya yeyote aliyemsindikiza. Emanuel alisindikizwa na Joakimu. Nimewafanyia hivyo wengi. Kuna mzee hapa hapa Katesh ambaye kodi yake inafunguliwa na simu ya mkwe wake, na hawajasalimiana tangu harusi.

Sikumwambia Getruda. Upande wa mbele wa karatasi hii pamechapwa: Ninathibitisha kuwa maelezo haya ni ya kweli na kamili. Nimegeuza haraka.

16 Machi

Mvua.

17 Machi

Mvua. Mwamvita wa duka la vitenge, jirani yangu, amesema ritani yake alituma kwa simu akiwa anasukwa nywele, alipomaliza mstari wa pili jibu likawa limerudi. Amesema anayengoja karatasi zama hizi angoje na njiwa.

21 Machi

Joakimu amepita. Ni mtu wa kucheka, na lazima niandike kwamba nampenda. Akiingia dukani hata printa inaamka. Alinisimulia vijana wawili walivyochapana fimbo mnadani kwa ajili ya ndama, mmoja akapasuka kichwa, akashonwa, akarudi kumalizia. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akauliza kwa upole zile tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake juzi zilikuwa za nini.

Nikasema matangazo.

Akasema, "Fundi, mimi sijasoma, lakini tangazo halina haraka. Hizi, aliyenisomea alisema, ziliandikwa zitakufa baada ya dakika tano." Akacheka tena, akanunua kalamu. Joakimu hajui kuandika.

2 Aprili

Joakimu ameukata mkanda wa mashine kwa panga, mchana, watu wakiwa kwenye foleni na madebe yao. Alipomaliza mkanda akageukia fimbo. Getruda amekuja leo kwa miguu kutoka Masakta, jicho moja limefumba, na kwenye ncha ya kitenge amefunga jino. Aliliweka juu ya meza yangu kama mtu anayeambatanisha kielelezo.

Alisema ameshajua 417 ni ya shemeji yake, na kwa kuwa mtandao ni wa Joakimu, yeye anataka njia ya karatasi.

Nikamweleza kwamba karatasi zimekufa. Akanikumbusha kwamba na mume wake amekufa na bado anadaiwa ritani. Nikapiga simu ofisi ya kodi Babati nikitegemea wanisaidie kumcheka. Dada aliyepokea hakucheka. Alisema mwenye akaunti akiwa marehemu na simu si ya msimamizi, msimamizi aandike barua ya kuomba namba ibadilishwe, aambatanishe cheti cha kifo, karatasi ya mahakama na ritani ya karatasi yenye dole gumba, apeleke kwa rejista ya posta. Tarehe ya muhuri wa posta ndiyo itakayohesabiwa.

Getruda akalichukua jino lake. "Umesikia? Muhuri."

Kwa hiyo nimechomoa fomu moja kwenye boksi, safi kuliko zote, tuijaze upande ule mwingine.

14 Aprili

Tumejaza ukurasa wa kwanza. Anataka kila swali nimsomee mara mbili, halafu anajibu la kabla yake. Mwamvita alichungulia akauliza tunaandika Biblia?

24 Aprili

Nitaandika yote, ingawa sikuyaona. Mwamvita aliyaona, na yeye huwa haongezi chumvi kwenye mambo ya damu, anaongeza kwenye bei tu.

Leo asubuhi Getruda alitoka hapa na bahasha ya kaki kifuani. Kutoka dukani kwangu mpaka posta ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Joakimu alikuwa amekaa kwenye ngazi za duka la mbolea, kama anayengoja mvua ipungue. Alimsalimia vizuri. Akamwuliza kifuani ana nini, shemeji. Getruda akaongeza mwendo. Akamvuta kwa nyuma ya shingo, akamwangusha kwenye matope, akampigia goti kifuani na kuitoa bahasha. Akaichana. Kisha akafanya jambo ambalo Mwamvita alinisimulia huku anakunja na kukunjua kitenge kile kile: alimbana taya, akamlisha. Ukurasa baada ya ukurasa. Barua, ritani, cheti cha kifo cha mumewe. Anasukuma kwa kidole gumba, anasema tafuna, si ulitaka ya karatasi, tafuna. Watu walisimama. Wengine walikuwa na mwavuli.

Mwamvita alitoka na ile mita yake ya mbao ya kupimia vitambaa, akampiga nayo Joakimu mgongoni mpaka ikavunjika kwenye sentimita sitini. Joakimu akainuka, akamtazama, akacheka, akaondoka taratibu. Mwamvita anasema kile kicheko kimemwuma kuliko mita yake.

Mimi nilikuwa ndani nabadilisha wino.

25 Aprili

Getruda amerudi. Taya limevimba, anaongea kwa upande mmoja. Nilikuwa nimejiandaa na maneno ya pole, nimeyapanga tangu jana.

Akasema, "Ile haikuwa na chumvi. Niandikie nyingine."

Nina nakala ya kila kitu, hiyo ndiyo dini yangu. Lakini dole gumba lazima liwe jipya. Alipoligandamiza kwenye karatasi liliacha doa nje ya mstari. Sikuuliza kama ni wino. Bahasha akaniachia, mpaka apate watu wa kumsindikiza posta.

29 Aprili

Mlima hauonekani siku ya sita. Daraja la kwenda Masakta limechukuliwa na maji, na ng'ombe wanne, na mzee mmoja aliyekuwa anawaswaga. Ng'ombe wamepatikana.

6 Mei

Naandika kwa kushoto. Herufi zinalala kama walevi, lakini zinasomeka.

Joakimu alikuja saa nne asubuhi. Hakuwa amelewa. Alitaka bahasha ya pili. Nikamwambia sina, na nilikuwa nayo, ndani ya boksi la fomu, mahali ambapo hakuna binadamu angetafuta kwa hiari. Akaniuliza mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Kisha akaushika mkono wangu wa kulia kama anayetaka kunisalimia, akaulaza kwenye fremu ya mlango, akausukuma mlango wa chuma kwa bega.

Alifanya hivyo mara mbili. Ya kwanza nilisikia sauti, kama mtu anakanyaga mahindi mabichi. Ya pili sikusikia kitu, niliona tu rangi. Akaniambia, polepole, kwamba hana ugomvi na mimi, ana ugomvi na vidole. Akaokota kofia yangu, akanivalisha, akaenda zake.

Vidole vitatu. Daktari amevifunga kwenye kijiti. Polisi wamenipa fomu namba tatu niijaze, nikawauliza nijaze kwa mkono upi. Wamesema wanamtafuta. Yuko kilabuni, kila mtu anajua, labda wanangoja atoke.

Jana nilikuwa nampenda mtu huyu. Leo nimegundua kwamba nilikuwa napenda kucheka, si yeye.

7 Mei

Maumivu.

8 Mei

Mwamvita ameniletea uji. Amesema mtandao hauvunji mtu vidole. Nikamwambia huu umevunja.

Hakunielewa, na sikufafanua.

19 Mei

Mvua imepungua. Nzi.

30 Mei

Joakimu alikwenda na vijana wawili na tela la punda kung'oa mashine. Alianza na gurudumu kubwa. Getruda alikuwa ndani ya banda, nyuma ya magunia, na hendeli ya kuwashia mkononi, ile ya chuma. Hakupiga kelele. Alingoja ainame.

Alimpiga kwenye muundi, mfupa ukatokea. Alipoanguka akampiga begani, kisha mbavuni. Alikuwa anahesabu kwa sauti, wanasema, kama mtu anayepima madebe. Alifika saba. Wale vijana walikimbia wakamwacha na punda. Punda naye akaondoka.

Niliposikia nilicheka peke yangu dukani mpaka vidole vikauma. Baadaye nikaona kioo cha printa, na sura iliyokuwa inacheka mle haikuwa tofauti na ya Joakimu. Nimekifunika kwa gazeti.

12 Juni

Baridi. Maharage yamekomaa, watu wanavuna, hakuna anayepigwa. Siku nzuri.

19 Juni

Saa saba mchana mlango ukafunikwa na kivuli chenye miguu mitatu. Joakimu, na gongo la kutembelea. Amekonda. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka panga juu ya meza yangu, katikati ya stepla na gundi, akaweka na simu. Akasema anataka ritani ya mtandaoni. Ya kaka yake. Niandike kwamba mashine imefungwa tangu Januari, basi.

Hapo ndipo nilipoona jinsi Mungu anavyopanga madawati. Yeye ana tarakimu za siri na hajui kusoma. Mimi najua kusoma na vidole amevivunja yeye.

Nikamwambia nitachelewa, kwa sababu ya mkono. Akasema, "Chelewa, fundi. Lakini usikosee."

Nikaingia. Simu yake ikalia, akanisomea tarakimu moja moja. Namba anazijua, za ng'ombe zilimfundisha. Akaunti ikafunguka. Upande wa kushoto kulikuwa na mahali pa kufunga biashara. Chini yake, mahali pa kubadilisha simu. Panga lilikuwa linaelekeza ncha kwangu. Nikabofya pa chini. Nikaandika simu yangu.

Sikuwa nimekumbuka jambo moja: tarakimu nyingine zingetumwa kwenye simu mpya. Simu yangu ikalia ndani ya droo.

"Nani huyo?"

"Kampuni ya simu. Wananiambia nimeshinda pikipiki."

"Fungua nione."

Nikafungua droo. Nikamwonyesha kioo chenye tarakimu sita, nikamwambia hiyo ndiyo namba ya bahati. Alizisoma kwa sauti, zote sita, taratibu, kuona kama ninamdanganya. Mimi nikaziandika kwenye kompyuta kadiri anavyozisoma. Akanirudishia simu, akanitakia pikipiki njema.

Nikamchapia karatasi ya kwamba ombi limepokelewa. Nikagonga muhuri wa steshenari, wa bluu, wenye picha ya kitabu. Aliikunja akaiweka ndani ya shati. Mlangoni aligusa ile fremu kwa kidole, kama mtu anayekagua rangi.

Alipopotea nikaifungia simu yangu ndani ya droo kwa ufunguo.

21 Juni

Sasa mashine ya Masakta iko ndani ya simu yangu. Sijatuma ritani ya Getruda bado. Nimejiambia kwamba mtandao umejaa.

22 Juni

Mtandao haujajaa. Nimekuwa nikiwaza kwamba mtu aliyevunjwa vidole vitatu kwa ajili ya mashine anaweza kuomba robo ya mashine. Au theluthi. Nimewaza pia namna ya kumwambia, na kila namna ilianza na neno "mfumo".

26 Juni

Getruda amekuja kuchukua bahasha. Nikamwambia aiache, nitatuma mtandaoni tarehe ishirini na nane, Jumamosi, pametulia, dakika ishirini. Hakuniuliza nimeingiaje. Alinitazama na jicho lake lile lililobaki dogo.

"Wewe tuma hiyo yako ya hewani. Mimi napeleka ya kushika."

Alitembea katikati ya barabara na hendeli begani. Wanawake kumi na kitu wa kwao walimtangulia na kumfuata, na ngozi zao na bangili zao. Mwamvita alifunga duka akaungana nao. Nami nilifuata nyuma, kwa mbali, kama mtu anayekwenda kununua stempu. Gaudensia wa posta alipima bahasha, akabandika, akagonga muhuri. Getruda akamwomba agonge tena, asikie vizuri. Gaudensia akakata risiti ya rejista, Getruda akaiingiza kwenye bangili yake ya shaba, juu ya ngozi ya mkono, akaibana.

Nilirudi dukani nikicheka kidogo. Safari yote ile, kwa jambo la kubofya.

28 Juni

Joakimu alipanda basi la Babati juzi na karatasi yangu ya muhuri wa kitabu. Huko walimsomea. Mashine haijafungwa, bwana, namba ya simu ndiyo iliyobadilishwa.

Alifika leo saa tatu asubuhi, ndiyo kwanza nimewasha kompyuta nitume. Hakuniuliza kitu. Panga la kwanza liliingia kwenye skrini, la pili kwenye printa, la tatu lilikuwa langu. Niliinama, likachukua ngozi ya kichwa na kipande cha sikio. Nilianguka juu ya boksi la fomu. La nne lilikwama ndani ya boksi, katikati ya karatasi mia kadhaa za serikali, na alipokuwa anavuta, gongo likateleza kwenye damu yangu, akaanguka kwenye ule mguu. Alilia kama mtoto. Tulilala pale wawili, tunatazamana chini ya meza. Akaniambia, "Fundi, ulinisomesha." Nikasema ndiyo.

Simu yangu aliikanyaga kabla hajaanguka. Ilikuwa vipande.

Polisi walifika haraka. Inaonekana ni rahisi kumkamata mtu asiyeweza kusimama.

30 Juni

Nyuzi kumi na moja. Mwamvita alijaribu kwa simu yake mpaka saa kumi na mbili jioni, lakini tarakimu za siri zinakwenda kwenye laini yangu, na laini iko chini ya soli ya kiatu cha Joakimu. Ritani ya hewani haikwenda. Siku tisa nilikuwa nayo mkononi.

Nimelala nikiiwaza ile risiti kwenye bangili.

8 Julai

Babati wamempigia Getruda. Bahasha imefika, muhuri ni wa tarehe ishirini na sita Juni. Imepokelewa. Namba imebadilishwa kuwa yake. Leseni itatoka.

12 Julai

Leo naandika upande wa mbele.

Wanawake wa Kibarabaigi wana baraza lao. Mwanamume akimdhuru mwanamke wanakaa wao, wanaamua wao, na aliyeitwa husimama mbali bila fimbo, anajibu anapoulizwa. Anayekataa hutamkiwa maneno ya laana, na sijawahi kukutana na mtu aliyetamkiwa akaja kusimulia. Joakimu ametoka kwa dhamana, kesi iko mahakamani, lakini hiyo ni ya serikali. Hii ilikuwa yao. Nami nikaitwa, nikadhani kama shahidi.

Nilimwamkia bibi mkubwa wao, shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Joakimu akatozwa dume jeusi la ng'ombe. Akasema hana. Wanawake wote wakanyamaza kwa pamoja, wakaanza kuvuta pumzi, na Joakimu akakumbuka kwamba analo.

Kisha Getruda akasimama.

"Bado mmoja. Baba Fausta, ile namba ya kwanza, ya 417, nani aliiandika?"

Nilikuwa na neno "mfumo" mdomoni, tayari kabisa.

"Mimi."

"Na siku tisa ulizokaa na mashine yangu kwenye simu, ulikuwa unangoja nini?"

Sijui alijuaje. "Robo," nikasema. "Au theluthi."

Joakimu, kule mbali alikosimama, alicheka. Hakuna aliyemfuata.

Walinong'ona muda mfupi. Beberu jeusi na debe la asali. Nikaeleza kwa heshima kwamba mimi ni Mmbulu, sheria yao hainihusu. Bibi mkubwa akaniuliza mke wangu anasaga wapi. Nikakubali.

Lakini mtu hawezi kuacha kazi yake mara moja. Nikauliza kama, baada ya kulipa, nitapewa risiti.

Getruda alinifuata mpaka niliposimama. Akaushika mkono wangu wa kulia, akauinua juu baraza lote lione vile vidole vitatu vilivyoungana vibaya.

"Unayo," akasema.